Matege ya mtoto: yanayonyooka yenyewe na yasiyofaa kusubiriwa

Mtoto wa mwaka mmoja amesimama, visigino vimegusana, magoti yameachana kiasi cha kupitisha ngumi. Karibu kila mara huyo ni mtoto mwenye afya njema, na miguu yake itanyooka bila mtu kuigusa. Mtoto wa miaka minne mwenye umbo hilohilo anatakiwa kufikishwa kwa daktari wa mifupa. Miguu ni ileile, ila umri umebadilika. Mkanganyiko mwingi kuhusu matege unaanzia hapo, kwa sababu watu huitazama miguu bila kuuliza tarehe ya kuzaliwa.

Matege ni miguu iliyopinda kwa nje: ukikutanisha vifundo vya miguu, magoti hayakutani. Kinyume chake ni magoti yanayogongana: ukikutanisha magoti, vifundo vinabaki mbalimbali. Wengi huyaita yote mawili matege, na kliniki hilo huleta shida, kwani umri wake haufanani, na hata upande wa goti unaoelemewa haufanani. Kwenye cheti cha hospitali la kwanza huandikwa genu varum na la pili genu valgum. Katika Kiingereza cha kawaida, mwenye matege huitwa bow-legged na mwenye magoti yanayogongana huitwa knock-kneed. Mzazi akiyaona maneno hayo asidhani ametajiwa ugonjwa. Yanataja umbo tu, kama vile neno homa lisivyosema kama ni malaria au nimonia. Sababu bado haijatafutwa.

Kalenda ya miguu

Tumboni mtoto hukaa amejikunja, mapaja yamefunguka, nyayo zimeelekea ndani. Mfupa wa muundi nao huwa umejisokota kidogo kwa ndani. Kwa hiyo mtoto mchanga huzaliwa na matege ya takriban nyuzi 10 hadi 15. Hayaonekani sana akiwa anabebwa. Akisimama na kuanza kutembea ndipo familia inaposhtuka, ingawa hakuna kipya kilichotokea.

Kati ya miezi 18 na 24 miguu huwa imenyooka, kisha hupitiliza kwenda upande wa pili. Akiwa na miaka 3 hadi 4 magoti yanagongana, kwa wastani nyuzi 10 hadi 12, na hapo wazazi hushtuka mara ya pili. Baadaye hurudi polepole, na kufikia miaka 6 au 7 mtoto huwa na umbo atakalodumu nalo ukubwani, yaani magoti yaliyoelekea ndani kwa nyuzi 5 hadi 7 hivi. Mguu wa binadamu mwenye afya haujanyooka kama rula. Mfuatano huu ulielezwa vizuri na madaktari wa Finland, Salenius na Vankka, waliochapisha mwaka 1975 vipimo vya watoto zaidi ya 1,000. Miezi hutofautiana kidogo kutoka mtoto hadi mtoto, lakini mpangilio ni huohuo.

Ukiishika kalenda hii, maswali mengi yanajijibu. Mtoto wa miaka 3 ambaye magoti yake yanagongana yuko mahali pake, na viatu maalumu vya bei kubwa havitamwongezea kitu. Mtoto wa miaka 3 mwenye matege anakwenda kinyume cha kalenda, kwani wenzake wamekwishavuka upande wa pili. Na mtoto wa miaka 9 ambaye magoti yalianza kugongana mwaka huu, baada ya kuwa sawa, ana jambo linalotaka uchunguzi hata kama pembe yenyewe ni ndogo.

Namna ya kupima nyumbani

Kinachohitajika ni futi ya fundi cherehani na mtu wa kusaidia. Mlaze mtoto chali mahali pagumu, miguu imenyooshwa. Kabla ya kupima chochote, geuza miguu yote miwili mpaka pia za magoti zielekee juu, darini. Hatua hii ndiyo inayokosewa zaidi. Ukinyoosha nyayo badala ya pia za magoti, kwa mtoto ambaye muundi wake umejisokota kwa ndani, magoti yatageukia nje na utaona matege makubwa kuliko yaliyopo. Picha za simu hudanganya kwa namna hiyohiyo.

Kwa mwenye matege, sogeza vifundo vya miguu mpaka viguse taratibu bila kulazimisha, kisha pima nafasi kati ya mifupa ya ndani ya magoti. Kwa mwenye magoti yanayogongana, gusisha magoti na upime nafasi kati ya mifupa ya ndani ya vifundo. Andika tarehe, kipimo na urefu wa mtoto. Rudia baada ya miezi mitatu. Kupima kila wiki hakusaidii, kwa sababu kosa la mkono linaweza kufika sentimeta moja na kuficha mabadiliko ya kweli.

Vipimo vinavyotumika sana katika kuamua nani apelekwe kwa bingwa ni nafasi inayozidi sentimeta 6 kati ya magoti, au inayozidi sentimeta 8 kati ya vifundo. Hata hivyo mwelekeo una uzito kuliko namba moja. Sentimeta 5 zilizoshuka hadi 3 ni habari njema. Sentimeta 3 zilizopanda hadi 5 kwa mtoto wa miaka miwili na nusu si habari njema, ingawa hazijafika 6.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kipimo cha pili: mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, mtoto ni mfupi kuliko wenzake wa umri wake, goti linaruka kwa nje kila anapokanyaga, ana maumivu au anachechemea, matege yamebaki baada ya kutimiza miaka miwili bila kupungua, au viungo vya mikono vimevimba pamoja na miguu. Mtoto mwenye mojawapo ya hizi apelekwe sasa.

Mfupa unapindaje

Mifupa mirefu hukua kwenye ncha zake, mahali penye tabaka jembamba la gegedu, yaani mfupa laini ambao haujakomaa. Seli za gegedu huzaana, huvimba, kisha huingizwa kalsiamu na fosfati na kugeuka mfupa mgumu. Gegedu hili la ukuaji lina tabia mbili. Likikosa madini, linabaki laini na kuvimba. Likibanwa upande mmoja kwa nguvu nyingi kupita kiasi, upande huo hupunguza kukua huku mwingine ukiendelea. Matege mengi ya ugonjwa yanatokana na mojawapo ya mambo hayo mawili, au yote kwa pamoja: ulaini huleta kupinda, kupinda huhamishia uzito upande wa ndani wa goti, upande huo huchelewa kukua, na mguu huzidi kupinda.

Kubeba mtoto mgongoni hakusababishi haya. Kumvalisha nepi nene hakusababishi. Kumfunga miguu kwa kanga usiku ili inyooke hakunyooshi kitu, na kukaza kunaweza kuumiza nyonga za mtoto mchanga, ambazo zinahitaji kukaa zimefunguka ili zikomae vizuri. Kumkanda kwa mafuta hakuna ubaya kama mkono ni mwepesi, lakini hakugusi gegedu la ukuaji. Kwa mtoto mwenye riketsi, yaani ugonjwa wa mifupa laini iliyokosa madini, mikono yenye nguvu inaweza kuvunja mfupa.

Riketsi, na kwa nini jua peke yake halitoshi

Riketsi ndilo tatizo la kwanza la kutafuta kwa mtoto wa Afrika Mashariki ambaye matege yake hayafuati kalenda. Mfupa umekosa madini, ama kwa sababu vitamini D ni kidogo na kalsiamu haifyonzwi utumboni, ama kwa sababu kalsiamu yenyewe haimo kwenye chakula. Aina hii ya pili husahaulika. Jos, nchini Nigeria, kuna jua la kutosha mwaka mzima, lakini watoto wengi wa huko walipata riketsi. Utafiti uliochapishwa na Thacher na wenzake mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto hao walipona vizuri zaidi kwa kupewa kalsiamu, iwe pamoja na vitamini D au peke yake, kuliko kwa vitamini D bila kalsiamu. Chakula chao kilikuwa cha nafaka, chenye maziwa kidogo sana.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Uji wa mahindi asubuhi, ugali na mboga mchana, ugali tena usiku: shibe ipo, kalsiamu haipo. Zaidi ya hayo, mahindi na nafaka nyingine zina fitati, ambayo hushika kalsiamu tumboni isifyonzwe. Kuloweka, kuchipusha na kuchachusha nafaka hupunguza fitati, na hiyo ni faida mojawapo ya togwa na uji wa kimea. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takriban miligramu 500 za kalsiamu kwa siku, na anayepata chini ya 300 yumo hatarini. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300. Familia isiyomudu maziwa kila siku ina dagaa: dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wana zaidi ya miligramu 1,000 kwa gramu 100. Wachague, waoshe mchanga utoke wote, wakaushe, wasage, chekecha, kisha changanya kijiko kwenye uji au mboga. Samaki mkubwa aliyetolewa mifupa hana faida hiyo. Katika majani, sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri, lakini mchicha una oksalati inayoifunga, kwa hiyo usiutegemee kwa kazi hii.

Vitamini D hutoka zaidi kwenye ngozi iliyopigwa na jua. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe, jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi vitamini hiyo, na mtoto anayelelewa ndani ya ghorofa au aliyefunikwa gubigubi kila anapotoka hapati kitu. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo mno. Mapendekezo ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2016 yanataka kila mtoto apewe yuniti 400 kwa siku katika mwaka wake wa kwanza, yaani mikrogramu 10. Kwa familia zetu zinazoishi Uingereza, Skandinavia au Kanada jambo hili halina mjadala: huko jua la miezi ya baridi liko chini mno kutengeneza vitamini D hata kwa mtu aliyekaa nje.

Dalili za riketsi hazikai miguuni tu. Tazama viganja: mahali mkono unapoungana na kiganja panakuwa pana. Pitisha vidole kifuani, kando ya mfupa wa kati: utahisi vinundu vimepangana kama tasbihi. Meno huchelewa, utosi huchelewa kufunga, misuli inalegea, na mtoto huchelewa kutembea au huacha kutembea baada ya kuanza. Hospitali itathibitisha kwa eksirei ya kiganja na goti, ambapo ncha za mfupa huonekana zimepanuka, zimechakaa pembeni na kubonyea kama kikombe, na kwa kipimo cha damu ambamo kimeng'enya cha alkalaini fosfatasi hupanda juu sana.

Tiba kwa mtoto aliye chini ya mwaka ni yuniti 2,000 za vitamini D kila siku. Kuanzia mwaka 1 hadi 12 ni yuniti 3,000 hadi 6,000. Muda usipungue miezi mitatu, na daima pamoja na kalsiamu ya miligramu 500 kwa siku, kutoka kwenye chakula au dawa. Kiasi hasa apange daktari. Makosa yanayoharibu tiba ni yaleyale: vitamini D bila kalsiamu, kuacha baada ya wiki tatu kwa sababu mtoto amechangamka, au kuongeza dozi kienyeji kwa kununua dawa mbili za majina tofauti zenye kitu kilekile, jambo linaloweza kuipandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Baada ya wiki kadhaa eksirei huonyesha mstari mweupe mpya kwenye ncha ya mfupa, ishara kwamba madini yameanza kuingia. Miguu yenyewe huchelewa. Hunyooka kadiri mtoto anavyokua, mwaka mmoja au miwili, na wengi waliotibiwa wakiwa wadogo hawahitaji upasuaji kabisa.

Kama miezi mitatu ya tiba sahihi haijabadilisha kitu, riketsi hiyo si ya chakula. Ipo ya kurithi ambayo figo humwaga fosfati kwenye mkojo. Hiyo hutibiwa kwa fosfati na aina ya vitamini D iliyokwisha kuamilishwa, na kumwongezea mtoto vitamini ya kawaida ni kupoteza muda wake wa kukua.

Maji yenye floridi

Kwenye miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingine za Arusha na Kilimanjaro, na upande wa Kenya katika Nakuru, Naivasha na Gilgil, miamba ya volkano hutoa floridi nyingi kwenye maji. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya maeneo hayo huvuka hapo kwa mbali. Kila mtu huko anayajua meno ya kahawia. Kisichojulikana kwa kiasi hicho ni kwamba mtoto anayekunywa maji ya kiwango kikubwa zaidi huweza kupinda miguu, hasa akiwa na upungufu wa kalsiamu. Miguu hiyo hupinda kwa namna mbalimbali: yote kwa nje, yote kwa ndani, au mmoja huku na mwingine kule. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza floridi juu ya ile ya maji.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo yaliyochemshwa sana huwa nayo kwa wingi zaidi. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana, na familia yenye bati na tanki iyatenge kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto. Njia nyingine ni kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kilichofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, na pia Nakuru. Kichujio hicho huchoka. Mkaa ukishajaa, maji yanaendelea kutoka safi na matamu huku floridi ikipita yote, na hakuna jicho wala ulimi wa kuitambua. Maji yanayotoka yapimwe, na mkaa ubadilishwe kwa wakati.

Ugonjwa wa Blount

Huu ulielezwa kwa kina mwaka 1937 na Walter Blount, daktari wa Milwaukee nchini Marekani. Sehemu ya ndani ya gegedu la ukuaji, juu ya muundi, huacha kukua, na mguu hukunjika kwa pembe kali chini tu ya goti badala ya kupinda kwa mviringo. Hupata zaidi watoto weusi, walioanza kutembea mapema na wenye uzito mkubwa. Goti huruka nje kila hatua. Kabla ya miaka miwili ni vigumu kuutofautisha na matege ya kawaida, hata kwa eksirei, na ndiyo sababu bingwa humwita mtoto arudi baada ya miezi michache badala ya kuamua siku hiyohiyo. Wakati huo hauwezi kuongezwa ovyo: upasuaji wa kunyoosha mfupa ukifanyika kabla ya miaka minne, uwezekano wa mguu kupinda tena ni mdogo kuliko ukifanyika baadaye.

Sababu nyingine ni za kutajwa kwa ufupi. Mfupa uliovunjika karibu na goti au uliooza kwa maambukizi huweza kuharibu sehemu ya gegedu la ukuaji, na hapo hupinda mguu mmoja. Kuna pia maradhi ya kuzaliwa ya ukuaji wa mifupa, ambayo kwa kawaida huja na ufupi wa kimo.

Matege madogo ya mtu mzima asiyeumwa hayahitaji tiba. Mwanasoka Garrincha, aliyetwaa Kombe la Dunia na Brazil mwaka 1958 na 1962, alikuwa na mguu mmoja uliopinda ndani na mwingine nje. Matege makubwa ndiyo hulemea upande wa ndani wa goti mpaka gegedu lake likalika mapema.

Kunyoosha

Eksirei ya kuamulia upasuaji hupigwa mtoto akiwa amesimama, miguu yote kuanzia nyonga hadi vifundo, pia za magoti zikitazama mbele. Picha ya goti peke yake, mtoto amelala, haitoshi. Daktari huchora mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo: ukipita mbali na katikati ya goti, uzito unaanguka mahali pabaya. Kazi hii hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, hospitali ya KCMC mjini Moshi, na kwa Kenya, Kijabe.

Riketsi lazima ipone kwanza, ithibitishwe kwa damu na picha. Mfupa laini ukikatwa na kunyooshwa huchelewa kuunga na hupinda upya, na mtoto huwa amepitia kisu bure.

Kwa mtoto anayeendelea kukua, mara nyingi hutosha kibati kidogo chenye skrubu mbili, kinachofungwa upande wa nje wa goti kwa matege, au wa ndani kwa magoti yanayogongana. Kinazuia upande huo kukua ili mwingine uufikie. Wazo la kuzuia ukuaji kwa chuma Blount mwenyewe alilieneza mwaka 1949 akitumia pini za kubana. Mtoto hutembea siku chache baadaye, na kunyooka huchukua takriban mwaka mmoja. Lazima awe amebakiza angalau huo mwaka wa kukua, na wasichana wengi humaliza karibu na miaka 14, wavulana karibu na 16.

Aliyemaliza kukua, au mwenye pembe kubwa, hukatwa mfupa na kunyooshwa, kisha hukaa na plasta au chuma kwa wiki 6 hadi 8 na wakati mwingine zaidi. Siku mbili za kwanza ndizo za kukesha. Akilia kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa, vidole vya mguu vikiwa baridi au vimekufa ganzi, au akipiga kelele ukivinyoosha vidole hivyo, arudishwe hospitali saa hiyohiyo. Uvimbe ndani ya muundi unaweza kuua misuli kwa saa chache.

Mwenye kibati arudi kila miezi mitatu hata kama anacheza mpira na wenzake. Kibati hakijui miguu imenyooka. Kisipotolewa kwa wakati kitaendelea kuvuta, na mtoto aliyeingia na matege atarudi na magoti yanayogongana. Baada ya kukitoa, mguu huweza kurudi nyuma kidogo, zaidi kwa mtoto mdogo, kwa hiyo kliniki inaendelea mpaka amalize kukua.